Daktari Aliyepima Mfupa kwa Kidole Gumba

Yule kijana wa Mapinga, daktari wa meno, bado ana kliniki yake, na ukutani kachora jino linalocheka. Jino linacheka nini? Msyuu!

Mimi ni mwalimu wa chuo, nasomesha wasichana Kurani ukumbini kwangu, hapa Bagamoyo. Meno mawili ya mbele ya juu yaliponing'oka sikulilia urembo. Kwa umri huu urembo wa nini? Nililia herufi ya thaa. Kuitamka, ulimi lazima uguse ncha za meno hayo, na asiyekuwa nayo hupuliza tu. Meno ya kubandika yalinichezea mdomoni, ndipo nikaenda Mapinga kupandikizwa meno ya skrubu, yanayokazwa ndani ya mfupa.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema, na kabla sijaitikia vidole vimeshaingia mdomoni. Akanibonyeza ufizi kama anayechagua papai. Mimi mla tambuu tangu ujana. Popoo na chokaa zimeunenepesha ufizi wangu. Yeye akaona neema.

"Ufizi mnene hivi! Mfupa wa chini yake ni chuma."

"Hupigi picha ya mfupa?" nikamuuliza.

Akacheka. Ati picha ni za wenye fizi nyembamba! Bure kabisa yule.

Skrubu mbili zikaingia. Haikupita miezi mingi zikaanza kuyumba, na siku moja, nikiwa katikati ya somo, moja ikatoka na jino lake ikaanguka mkekani, mbele ya watoto. Loo, fedheha niliyoiona!

Daktari wa pili, mama mmoja wa Dar, alianza na picha. Akanionyesha taya langu: vishimo vitupu, kama mkate wa kumimina. Akasema unene wa ufizi haukwambii ugumu wa mfupa, kila kimoja hupimwa peke yake. Neno jepesi hilo, hata mtoto analielewa. Yule mpumbavu, na koti lake lililopigwa pasi, lilimpita wapi? Mfupa uliobaki, mama akasema, haushiki tena skrubu.

Nikarudi chuoni. Nikamwambia mwanafunzi mdogo kuliko wote asome. Alipofika kwenye thaa, akapuliza. Nikamsimamisha wa pili, naye akapuliza. Meno yao yote kamili, meupe, na wote wanapuliza, kwa adabu, vilevile kama mimi mwalimu wao.

Nikawaambia wafunge juzuu. Kesho yake niliwapeleka mwenyewe kwa mwalimu mwingine.