Jibu la Mpunga

Nilifika Runzewe siku ya nne tangu niondoke Masasi. Basi la kwanza lilinifikisha Dar es Salaam, la pili likaharibika Singida tukalala hapo, la tatu likanishusha Kahama. Korosho ambazo mama yangu aliniambia nisiziguse mpaka nifike, nilizimaliza kabla ya Nzega. Kutoka Kahama nilipanda lori la mahindi, na tulipopita Ushirombo nilikuwa tayari nakumbuka nyumbani kama mtu aliyehama miaka kumi iliyopita. Ndivyo nilivyo. Nikifika mahali naanza kukumbuka nilikotoka, na nikiondoka naanza kupakumbuka hapo.

Miaka mitatu nilishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi magoti yakakataa ngazi. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na cheti cha kidato cha nne. Ndipo nikasikia kwamba kampuni moja ya kandarasi inatafuta watu wa kukaa kwenye redio ya mgodi na kuelekeza malori. Ilikuwa kazi ya kuketi. Sharti lilikuwa kufaulu mtihani wa kusikiliza Kiingereza, na mtu aliruhusiwa kujaribu mara mbili tu.

Mara ya kwanza nilifeli. Maneno niliyasikia, tena vizuri. Sauti ilisema mtu fulani alitaka kwenda stoo kwa gari, gari likagoma kuwaka, akaenda kwa miguu. Swali likauliza alikwendaje. Lakini mimi nilishasikia gari, na gari lilikuwepo kwenye jibu A linaningoja. Nikaweka alama kabla sauti haijamaliza. Karibu karatasi nzima niliijibu hivyo.

Ilibaki nafasi moja, na nikaapa kuwa sitaipoteza.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Msukuma mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Asubuhi nilimwendeshea mashine, jioni nilikaa uani na mchimbaji mwenzangu, mtu wa Bariadi, aliyekuwa na mazoezi ya Kiingereza kwenye simu yake. Yeye hakutaka kazi ya redio. Alikuja kunicheka.

"Chagua, mtu wa korosho."

"B."

"Umekosa. Halafu unavyokosa kwa kujiamini, utadhani umetunga mtihani wewe!"

Naye hakuwa salama. Kwa Kiingereza barabara na mzigo vinatofautiana kwa herufi ya kwanza tu, R na L, na kwake hizo zilikuwa herufi moja.

"Kasema barabara," aling'ang'ania.

"Kasema mzigo."

"Sawa. Kwani mzigo haupiti barabarani?"

Tulicheka, lakini majibu yangu yaliendelea kuwa mabaya.

Asubuhi moja alikuja mzee mmoja kwa baiskeli. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye gunia, akichambua mchele.

"Mwangaluka, mayu," mzee alimsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Wakaambiana ni salama tu, kisha wakaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua ya upande wa Ushirombo. Mzee hakuwa na haraka. Akasema mwaka huu mpunga wamevuna, si haba. Mimi nikasikia mpunga. Nikajua ni mteja. Nikaiwasha mashine, ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka. Mzee akafungua mdomo, akaufunga. Alitutazama kidogo, akaketi chini ya ukuta akingoja.

Nilitafuta gunia lake kwenye baiskeli. Halikuwepo. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipozima mashine, mzee alivua kofia akamaliza sentensi yake: dada mkubwa wa mama mwenye nyumba alikuwa amefariki alfajiri.

Kwa Wasukuma mtu haji na msiba mdomoni. Kwanza anakusalimia, anakuketisha, anapita kwenye mvua na mavuno, na neno lililomleta analiweka mwisho. Mimi nililizima kwa injini.

Mama alilia. Alipokuwa akifunga khanga ya safari alinigeukia, macho mekundu.

"Mwanangu, wewe una masikio?"

"Nisamehe, mama."

"Umesikia neno. Mtu hukumsikia."

Aliporudi kutoka matangani hakulitaja tena jambo lile. Mimi ndiye niliyelishika. Jioni hiyo nilimwambia mtu wa Bariadi aanze upya mazoezi yote, na nikaweka penseli chini, mbali na mkono. Nilisoma majibu kabla ya sauti kuanza, nikajiuliza kila jibu lingetaka nisikie nini. Sauti ikianza, niliisikiliza kama ninavyopaswa kumsikiliza mgeni: huyu bado anasalimia, huyu bado yuko kwenye mvua. Nilingoja ile "lakini" ya Kiingereza, kama watu wa hapa wanavyongoja "ila". Neno lililonirukia mapema nililipa jina.

"A je?" aliuliza mwenzangu.

"A ni mpunga."

"Na C?"

"Mpunga pia. Wamelitaja, lakini silo lililowaleta."

Siku ya mtihani, Kahama, tulikuwa watu kama ishirini kwenye chumba chenye feni moja. Swali la nne lilikuwa la mapipa ya mafuta. Sauti ilisema kumi na tano, na kumi na tano ilikuwa kwenye A. Penseli za wenzangu zikakwaruza. Mkono wangu uliruka pia, nikaukalia. Sauti ikaendelea: hapana, hayo ni ya jana, leo yameletwa hamsini. Kwa Kiingereza namba hizo mbili zinafanana kama mapacha, ila safari hii nilikuwa nimesubiri mtu amalize. Pembeni ya A nikaandika herufi mbili ndogo, mp. Nikaendelea hivyo hadi swali la mwisho.

Nilifaulu. Kituo nilichopewa kilikuwa Chunya, mbali sana na Runzewe, na nilijua moyoni kwamba hapa sitarudi.

Asubuhi ya kuondoka, mtu wa Bariadi alinibebea begi. "Nenda, mtu wa korosho. Ukisikia mzigo kwenye redio, nisalimie barabara." Mama mwenye nyumba alikuja hadi mlango wa basi. Akaniuliza kama nimekunywa uji. Akasema mwaka huu mvua itawahi, mkanda wa mashine umelegea, njia ya Tabora ina vumbi. Konda akapiga bati.

"Mzee, unapanda au hupandi?"

Sikusogea. Mama naye aliniangalia, akaona nangoja, akatabasamu kidogo.

"Ila, mwanangu," alisema, "huko unakokwenda, kaa huko huko; usianze kutukumbuka."

Nikamwitikia, kisha nikapanda.