Hadithi ya Baba Aliyoimaliza Mama

Wiki iliyopita mvua ilinikuta nje ya supamaketi moja ya Kilimani, nikiwa na mifuko miwili na gunia dogo la mchele. Nikaita teksi kwa simu. Dereva, kijana mwenye haraka zake, akashuka, akatupa mizigo yangu kwenye buti na kuifunga kwa kishindo. Mimi badala ya kuingia garini nikabaki pale nyuma, kiganja juu ya kifuniko cha buti, nikisikiliza matone yanavyokipiga. "Madam, ingia, unanyeshewa!" akaniita. Nilikuwa nimelowa chapachapa, na nilikuwa nalia. Afadhali ilikuwa mvua, maana hakuna aliyeona. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, usije ukadhani nimerukwa na akili. Ni mambo ya miaka ile ya elfu mbili na kidogo, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi na tukiishi kwenye mtaa wa nyuma ya River Road.

Tulikaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati. Chini yetu palikuwa na maduka ya vyuma na mabomba, juu ya maduka kulikuwa na gesti ambayo mama alitukataza hata kuuangalia mlango wake, na juu ya gesti tulikuwa sisi, milango minne kwenye korido moja ndefu. Mchana kutwa mtaa ulipiga kelele: mikokoteni, mashine za uchapishaji, makanga wa matatu wakiitana majina mabaya. Alfajiri mama alikaanga mahamri, harufu ya iliki ikashuka ngazi, na wafanyakazi wa duka la vyuma wakapanda mmojammoja kuuliza kama yamebaki. Wazazi wangu walikuwa watu wa Mombasa, na mama hakuacha kuilalamikia baridi ya Nairobi mpaka mwisho wa uhai wake. Kazi yangu ilikuwa kupandisha maji kabla ya mfereji kukatika. Kazi ya ndugu yangu mdogo, kwa kadiri nilivyoona, ilikuwa kuyamwaga nusu kwenye ngazi.

Masika yalipofika, stima ilikuwa haingoji hata radi ya pili. Ikipotea, korido inaamka. Milango yote minne inafunguliwa, mikeka inatoka, stuli zinatoka, na mshumaa mmoja tu unawashwa na kusimamishwa ndani ya kopo tupu la mafuta, kwa sababu hakukuwa na haja ya kila nyumba kuchoma wake. Jirani yetu mama wa mitumba anachoma mahindi kwenye jiko mlangoni pake. Chai ya tangawizi inatoka kwetu. Mabati yanapigwa na mvua hata unalazimika kumsogelea mwenzako sikioni, na hapo ndipo hadithi za kutisha zinapoanza.

Lakini hazikuwa za majini wala za mizimu. Korido ile ilikuwa na sheria zake, nami nilizikuta. Kwanza, liwe jambo lililokupata wewe mwenyewe, si mjomba wako wala rafiki ya mjomba wako. Pili, hadithi sharti uifikishe mwisho. Ukiiacha njiani, mvua itakayofuata unaianza upya kutoka mwanzo, utake usitake. Na tatu, msimulizi akishindwa kabisa, mtu wa nyumba yake anaweza kummalizia, ila hadithi iliyomaliziwa hivyo haiulizwi tena. Sisi watoto tulizishika sheria hizo kuliko za shule.

Mama wa mitumba alikuwa na hadithi ya koti. Alifungua beli la nguo, akatia mkono kwenye mfuko wa koti la kiume, na kilichomng'ata kilikuwa meno ya bandia, seti nzima. "Woi, nilitupa koti, nikatupa na stuli!" alisema, nasi tukacheka hadi mshumaa ukayumba. Jirani yetu mwingine alikuwa Kalasinga, mzee fundi wa stima, mwenye ndevu nyeupe zilizokunjwa vizuri. Yeye aliwahi kukwama kwenye lifti ya jumba moja la ofisi, giza totoro, wafanyakazi wote wameshaenda nyumbani, halafu akasikia mtu akipumua. "Si mimi," alikuwa akisema taratibu, akitutazama mmojammoja. "Mimi nilikuwa nimeshika pumzi." Mwishowe ilikuwa bawabu aliyelala pale ndani tangu saa tisa, lakini kufika huko ndugu yangu alikuwa ameshajificha chini ya mtandio wangu.

Na baba alikuwa na hadithi ya teksi.

Baba aliendesha teksi. Aliegesha katikati ya jiji na wateja wake wengi walikuwa wa upande wa Westlands na kwingineko kwa wenye nyumba kubwa. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuigiza sauti za abiria wake mezani hadi mama anamwambia ale kwanza. Kisha jioni moja ya mvua akabeba watu wawili, na baada ya hapo baba hakuwa yule tena. Kabati likifungwa anashtuka. Mvua ikinyesha halali, anakaa kitandani akiangalia dari. Mama aliniambia baadaye kwamba mwaka mzima alikuwa na ombi moja tu kila akimaliza kuswali: arudishiwe mumewe.

"Walikuwa wawili," ndivyo baba alivyoanza kila mara, akisimama, maana hii hakuwahi kuisimulia akiwa amekaa. "Wamevaa suti, mmoja ana mwavuli wenye mpini wa mbao. Wakasema, mzee, tupeleke Spring Valley. Mimi nikafurahi, nikasema hawa ni watu wa maana." Anatueleza barabara ilivyokuwa tupu, ua wa kayaba, ile miti ya miiba, huku na huku, taa za mageti zikionekana kwa mbali. Mmoja anaomba gari lisimame ajisaidie. Baba anapunguza mwendo. Hapo anatunyamazia, nasi tunashikana mikono. "Nikasikia kitu cha baridi hapa." Anagusa nyuma ya sikio. Wanamtoa, wanampeleka nyuma, wanamwamuru aingie kwenye buti ya gari lake mwenyewe. "Kifuniko kikashuka. Giza. Mvua juu yangu, kama hii, wanangu, kama hii hii. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nikawaona nyinyi."

Basi. Anakaa, anachukua chai yake.

"Ai, baba, hapo umeruka!" ndugu yangu anapiga kelele. "Na buti? Nani alifungua buti?"

"Hadithi haijaisha!" naunga mkono. "Utaanza upya!"

Na baba anacheka, anainua mikono kama mtu aliyekamatwa. "Haya, nimeshindwa. Mvua ijayo."

Mvua ijayo anaianza upya, na tena anaishia palepale, na tena tunamzomea. Masika yote yalikwenda hivyo. Mama alikuwa jikoni akisikia kila kitu. Alituona sisi tukila mahindi na kudai, na alimwona mumewe akisimama tena mbele ya buti ile, akiingia tena, kwa sababu tu watoto wamesema sheria ni sheria. Sasa nikiwa mama mwenyewe namwelewa. Ningefanya alivyofanya.

Ilikuwa baada ya Magharibi, mvua ya mawe, mabati yakilia hata mshumaa ukaonekana unatetemeka kwa kelele. Baba alikuwa amefika kwenye kifuniko. Kabla hajafumba macho, mama akatoka jikoni, mikono ina unga, akasimama karibu naye. Hakuwa na mazoea ya kukaa koridoni nasi.

"Nammalizia mimi," akasema. "Walizunguka naye, kisha wakaliacha gari kando ya njia na kuondoka. Akakaa mle hadi kukapambazuka. Bawabu wa nyumba moja akasikia mateke, akaita wenzake, wakavunja kufuli. Akaja nyumbani kwa miguu, hana viatu. Mimi nilikuwa hapo ngazini tangu alfajiri. Nikamwosha miguu, nikampa chai, akalala. Imekwisha." Akatutazama mimi na ndugu yangu. "Na haiulizwi tena. Mmesikia?"

Mama wa mitumba akasema pole, mama watoto, pole sana. Kalasinga akamgusa baba begani. Baba alikuwa bado amesimama, mdomo umefunguka kidogo. Nakumbuka alimwangalia mama kwa upole mwingi, akasema, "Ahsante, mke wangu." Akaingia ndani.

Sisi, pamoja na utukutu wetu wote, amri ile moja tuliitii. Mvua iliyofuata hakuna aliyemwomba baba chochote. Alikaa nasi kidogo, akamsikiliza Kalasinga na lifti yake, kisha akashuka chini kimya na kusimama kwenye kibaraza cha duka la vyuma lililofungwa, akiangalia maji yanavyopita barabarani, hadi mvua ikakatika. Ikawa ndiyo desturi yake. Mama aliona afadhali: angalau hateseki tena mbele za watu. Kabla ya mwaka kwisha aliuza teksi, akapata kazi ya kupanga karatasi kwenye duka moja la uchapishaji. Sauti za abiria hatukuzisikia tena mezani. Alikuwa baba mwema mpaka mwisho, tena mpole mno, ila ilikuwa kama mtu aliyeaga nusu.

Miaka ilipita. Tulihama, mimi nikasoma, nikaolewa, mama akatangulia. Baada ya arubaini ya mama nilimchukua baba akae nami Kilimani. Alasiri moja ilinyesha. Nyumba ni ya zege, mvua unaiona dirishani tu, huisikii. Nikamwona ametulia, na kwa mara ya kwanza maishani nikathubutu kuivunja sheria. Nikamuuliza alifanya nini mle ndani usiku kucha.

"Nilikuwa nawasimulia nyinyi," akasema, kama jambo la kawaida kabisa.

Sikuelewa. Akanieleza bila kugeuza macho kutoka dirishani. Kifuniko kiliposhuka alihisi woga utamuua kabla ya risasi. Akajiambia, hii nitawapelekea watoto koridoni. Akaianza palepale gizani, walikuwa wawili, wamevaa suti, na akifika mwisho anaianza tena, anaiongeza hapa, anaipunguza pale, anatusikia tunavyopiga kelele. Hivyo ndivyo alivyofika asubuhi.

"Sasa tulipokuwa tukikulazimisha uianze upya, baba..."

"Mvua ikinyesha nilikuwa narudi mle, mwanangu, mniulize msiniulize. Mlipokuwa mnaniuliza nilikuwa natoka."

Nikamuuliza mbona hakumwambia mama.

"Ningemwambiaje? Alifanya kwa mapenzi. Na usiku ule alilala usingizi mzuri, nikamsikia akikoroma. Muda mrefu hakuwa amelala hivyo." Akatabasamu kidogo. "Nikasema basi, na alale."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake kama zamani, miguu chini, na kumwomba anisimulie. Akafurahi, nilimwona. Akajaribu kusimama, akashika mkono wa kochi, akasimama. "Walikuwa wawili," akaanza. Akanyamaza. "Mmoja alikuwa ana... ana nini yule?" Nilijua ni mwavuli, nilijua hata mpini wake, lakini nilishindwa kuutaja. Akangoja. Kisha akaketi taratibu, akaniomba msamaha, kana kwamba nilimpa kitu anitunzie akakipoteza. "Imenitoka, mwanangu. Imekaa sana bila kuulizwa."

Alifariki kabla ya masika yaliyofuata.

Lile jengo la mtaa wa nyuma limebomolewa, kuna jumba la vioo na vibanda vya simu. Kalasinga alifuata wanawe ng'ambo, mama wa mitumba alirudi kwao, na huku kwetu stima ikipotea jenereta inanguruma kabla mtu hajauliza kiberiti kiko wapi. Wakati mwingine mvua ikija nazima taa mwenyewe, nawakusanya wanangu sebuleni, nawasimulia hadithi ya babu yao. Naisimulia nimesimama. Naijua neno kwa neno, suti, ua wa kayaba, baridi nyuma ya sikio, na wanangu wanapiga kelele vizuri kabisa, wananidai niianze upya. Nami naianza upya, mara ngapi sijui, na kila mara nalia kidogo gizani, kwa sababu aliyekuwa akizihitaji kelele hizo alizingoja miaka yote ile pale kibarazani, ghorofa chache chini yetu, na hatukuzipiga.