Risasi Ndani ya Gunia la Mavuno

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya mavuno ambayo kila ikinijia akilini nacheka kwanza, kisha napapasa mfukoni kama ufunguo upo. Kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa nimekosa usingizi siku nne kwa swali moja tu: risasi nitaziweka wapi?

Usishangae kwamba nakuita mwanangu, nami sijafika miaka thelathini. Nilipewa jina la babu mzaa baba, na kwetu huku Lugari anayepewa jina hupewa na heshima yake. Senge Nekesa, dada yake baba, ananiita Baba tangu nikinyonya, na watoto wake walionizidi umri huniamkia kama mkubwa wao. Basi niwie radhi nikizungumza kizee, ingawa wazee wa kweli hawajisumbui kichwa kama mimi.

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani kusimamia ng'ombe wa maziwa na mahindi, maana baba anafanya kazi mbali. Majirani wetu wa upande wa Matete walipoibiwa ng'ombe, ukoo ulikaa ukaamua mmoja wetu aombe leseni ya bunduki. Nikachaguliwa mimi kwa sababu, walisema, sinywi, sigombani, na nikivuka barabara naangalia pande zote mara tatu. Nikajaza fomu. Nikahojiwa na polisi, nikapimwa na daktari, nikafunzwa kulenga, na zaidi ya kulenga, nikafunzwa kutolenga.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo kabla ya kwenda dukani nilimwendea Mzee Makokha, jirani aliyekuwa rafiki ya babu. Yeye amekuwa na bunduki aina ya shotigani yenye leseni tangu kabla sijazaliwa.

"Nataka bastola," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ni ndogo, kuka. Inabebeka."

Huku kuka ni babu, nami humwita hivyo kwa ajili ya urafiki wao.

"Kwani ng'ombe wako utakuwa unatembea nao mjini Kakamega?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mwenye ndogo huibeba kila mahali. Ataibeba harusini, ataibeba matangani, ataibeba siku ya ugomvi wa mpaka. Nunua kitu kinachobaki nyumbani."

Akaniletea yake. Ilikuwa ya mitutu miwili, ile inayokunjika katikati kama mlango wa kabati. Aliikunja kabla hata ya kunikabidhi, akanionyesha matundu mawili matupu.

"Ona. Hii haina siri. Ikiwa imekunjwa, hata senge yako akisimama pale mlangoni anajua kama ina kitu au haina. Sasa iweke begani. Shingo inakuuma?"

"Kidogo."

"Basi hii ni yangu, si yako. Dukani usiulize ipi kali. Uliza ipi inakaa begani bila kukulazimisha uinamishe shingo. Na uinue jioni ukiwa umetoka kulima, si asubuhi ukiwa na nguvu za chai."

Nilimsikiliza. Nilinunua ya mitutu miwili, fupi kidogo kuliko yake, katika duka lenye kibali, pamoja na pakiti moja ya risasi ishirini na tano zinazolingana na mitutu yake. Polisi wakaja wakakagua kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa nati, wakaridhika. Hadi hapo ungeniona ungesema huyu ni mzee kweli.

Shida ilianza nilipokumbuka nilichofunzwa, kwamba bunduki na risasi zisilale pamoja. Nilikuwa na kasha moja tu. Mtu mwingine angenunua la pili. Mimi nikaanza kufikiri. Nikiziweka chumbani, mwizi akipata bunduki ameshapata na risasi. Nikiziweka jikoni, moto. Nikizipandisha darini chini ya mabati, joto la Januari. Chini ya kitanda kuna unyevu, na kwenye sanduku la mbao kuna panya. Nilichora jedwali kwenye daftari, mahali upande huu na hatari upande ule, na kila mahali pakapata hatari tatu. Siku ya nne nikapata jibu lililonifurahisha kama mtu aliyegundua dawa. Mahindi makavu! Yamekauka vizuri, yako stoo, hayana joto, na nani ataiba gunia moja la kona akaacha mengine kumi na tisa? Nikaitumbukiza pakiti katikati ya gunia, nikafunga mdomo wake kwa uzi wa buluu nisilisahau. Sikumwambia mtu. Nililala usingizi mzito mpaka Jumapili asubuhi, nikachelewa kanisani.

Nilipoingia, ibada ilikuwa imefika kwenye mnada wa mavuno. Unajua inavyokuwa: mikungu ya ndizi mbele ya madhabahu, jogoo aliyefungwa miguu akilalamika, madumu ya maziwa, na magunia. Mzee wa kanisa anainua kila kitu, watu wanashindana kupandisha bei, na fedha zinaenda kwenye ujenzi. Nikaketi karibu na Senge Nekesa. Kisha nikauona uzi wa buluu.

"Senge," nikanong'ona, "lile gunia umelitoa wapi?"

"Stoo kwako. Lile la kona." Alinitazama kwa fahari. "Nilipoliona umelifunga vizuri hivyo, peke yake, nikajua umeshatenga la Mungu. Nimekusaidia tu kulibeba."

Ningesimama saa ile ile. Badala yake, mwanangu, nikafikiri. Nikisema, watu watakimbia, watakanyagana. Nikisema, leseni imekwenda, na ukoo mzima utaaibika. Lakini nikilinunua mimi mwenyewe, nitalirudisha nyumbani na hakuna atakayejua. Nikainua mkono.

Mzee Makokha, aliyeketi mbele, akainua wake. Nikapandisha. Akapandisha. Akageuka akanitazama juu ya miwani.

"Huyu mjukuu wangu ana mahindi ya kulisha jeshi," akawaambia watu, "na sasa ananinyima kidogo cha kuku wangu."

Kanisa likacheka. Nikapandisha tena. Mama mmoja nyuma akapiga vigelegele, akasema vijana wa siku hizi wanamjua Mungu, na wengine wakapiga makofi. Kila kofi lilinichoma. Senge akaninong'oneza, "Baba, umerogwa? Unanunua mahindi yako?"

Nikapandisha mpaka nilipojua simu yangu haina fedha zaidi ya hapo. Mzee Makokha akaongeza kidogo tu, gunia likawa lake. Akamwita mwendesha bodaboda aliyekuwa mlangoni.

"Lipeleke posho mill. Mwambie msagaji asisage laini sana, ni la kuku."

Yule jamaa akaliinua begani. Akilini niliona vyuma vya kinu vikizunguka. Nikamwona msagaji ameegemea pale anapoegemea siku zote, uso karibu na mdomo wa mashine. Hapo kwa mara ya kwanza katika wiki nzima sikuona hatari tatu wala mbili, niliona mtu mmoja. Nikasimama.

"Weka chini polepole," nikasema. "Gunia hilo lina risasi. Nimeziweka mimi."

Mwendesha bodaboda akalishusha kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Mzee Makokha hakupandisha sauti.

"Ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Ndani ya pakiti?"

"Ndani ya pakiti, kuka. Imefungwa."

"Bunduki iko wapi?"

"Nyumbani, ndani ya kasha. Ufunguo ninao."

Akawaomba watu watoke nje taratibu, akina mama na watoto kwanza. Tukatandaza turubai, tukamimina mahindi kidogo kidogo, yeye na mimi, mpaka pakiti ikajitokeza. Aliifungua, akahesabu mara mbili. Zilitimia.

Nilingoja kofi. Aliketi kwenye benchi akapangusa vumbi la mahindi kwenye miwani.

"Uliogopa nini ulipoziweka humu?"

Nikamtajia: joto, unyevu, panya, mwizi.

"Umemsahau mmoja," akasema. "Umemsahau mtu mwema. Senge yako si mwizi, mimi si mwizi, na msagaji si mwizi. Sisi ndio tungekufa. Bunduki na risasi hazifichwi, mjukuu wangu. Zinafungiwa. Ukificha kitu, anakipata yeyote anayefungua. Ukikifungia, anakipata mwenye ufunguo."

Halafu akaniuliza kwa upole, "Kwa nini ulitaka kulinunua badala ya kusema?"

Nikamwambia niliogopa aibu na kupoteza leseni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi, kwa kuficha kosa langu nyuma ya makofi ya kanisa, nilikuwa karibu kumuua msagaji asiyenikosea kitu.

Nje, watu walikuwa wameanza kucheka, kama tuchekavyo huku hatari ikishapita. Yule mama wa vigelegele aliuliza kama mwakani nitatoa bomu. Mchungaji alisema wamenisamehe. Ningeweza kuishia hapo. Hakuna aliyesema nishitakiwe, na Senge alikuwa ameshaanza kulaumu uzi. Lakini njiani kurudi nilijua kanisa lilinisamehe kile tu lilichokiona kwa macho yake. Leseni sikupewa na kanisa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kituo cha polisi kwa miguu yangu, pakiti mkononi na leseni mfukoni, nikaeleza yote, hata ule mnada. Afisa aliandika kurasa mbili. Alicheka kwenye ukurasa wa pili, kisha akaacha kucheka akanikaripia vizuri. Akazichukua risasi, akaitwaa na bunduki ikae kituoni hadi niwe na kasha la pili na wakague upya. Fundi aliyesomea uchomeleaji katika chuo cha Sigalagala alinitengenezea kasha dogo la chuma. Tulilifunga kwenye ukuta wa chumba kingine, mbali na jiko na mabati. Walikagua, wakanirudishia vyote. Sasa nalala.

Basi, mwanangu, ukiwaza kuomba leseni yako, kwanza jiulize kama taa ya uani na mbwa mkali havitoshi. Vikitosha, shukuru. Visipotosha, chagua bunduki inayokaa nyumbani, inayolingana na bega lako, na ambayo kila mtu anaweza kuona ikiwa tupu. Hata ukiiona tupu, ishike kama ina kitu. Risasi zibaki ndani ya pakiti yake, mahali pakavu na baridi, katika kasha lake lenye kufuli lake, na ufunguo uwe mwilini mwako. Wa nyumbani waambie kuna kasha lisiloguswa. Usiwaachie walijue kwa bahati. Zihesabu mara kwa mara, na iliyolowa au kuzeeka uipeleke kituoni, usiitupe shambani. Ukikosea, na mimi niliyesoma kila kitu nilikosea, sema kabla gunia halijafika kinuni.

Mungu akupe mifugo itakayozeeka zizini na bega lisilojua uchungu wa kufyatua. Akupe na wazee wa kukukaripia taratibu. Bunduki yako ipate kutu ya kukosa kazi, ila wewe uipake mafuta hata hivyo.