Mwandishi Anayetuchekesha na Maiti Ni Mama Mkwe Wangu

Admin, jina langu libaki kwako. Nimebadilisha vitu vidogo ili watu wa mtaa wasinijue. Nina miaka thelathini na tatu, ni fundi wa nguo hapa Kakamega mjini. Nimeolewa miaka tisa, tuna msichana mmoja, Neema. Tunaishi Amalemba na mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu aliyehamia kwetu kutoka Kabras mwaka jana baada ya kuvunjika nyonga. Ni mama wa kanisa, mpole, haongei sana. Hatujawahi kukosana hata siku moja.

Mapema mwaka huu mteja mmoja alinionyesha hadithi za mtu anayejiita Karani wa Mochari. Mimi si msomaji, lakini nilianza na ile ya mzee aliyetoroka mochari, akaenda kuketi kwa matanga yake mwenyewe na kuuliza ni nani amevaa koti lake. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Hadithi zake zote ni za kutisha. Watu wanauawa, polisi wanachimbua shamba la miwa, na wewe unasoma umeshika tumbo kwa kicheko, halafu unaogopa kwenda chooni peke yako. Nilimwonyesha mume wangu. Ikawa tukimaliza kula, anasoma kwa sauti huku mama yake akisikiliza na kutabasamu.

Siku moja mume wangu akasema, "Huyu mwandishi ana akili mbaya."

Mama akajibu, "Pengine ni mtu tu amezika watu wengi."

Wiki tatu zilizopita mama aliniomba niangalie simu yake, ilikuwa imejaa. Nilipofungua nikajikuta ndani ya ukurasa wa Karani wa Mochari. Sikuuona kama sisi wasomaji tunavyouona, niliuona kama mwenye ukurasa anavyouona: jumbe za watu wakimsifu, na hadithi mpya ambayo bado haijawekwa. Kusema kweli nilifurahi. Nilitaka kumkimbilia nimkumbatie. Halafu nikaisoma ile hadithi.

Ni ya mwanamke aliyeolewa na mlevi mwenye pumu, anayempiga mkewe kila wikendi. Asubuhi moja mume anabanwa na kifua, anagonga kikombe kwenye kitanda akimwita mkewe amletee dawa. Mke yuko jikoni, anachambua maharagwe. Hasimami. Anachambua moja moja, na kila jiwe analotupa analipa jina la ndugu wa mume, anawasema mmoja mmoja, yaani utacheka. Anapoingia chumbani, mume amenyamaza, na miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa bluu imeangukia ndani ya kikombe.

Baba mkwe wangu alikuwa na pumu. Mimi sikumkuta hai, lakini picha yake iko ukutani pale sebuleni, na miwani yake imefungwa kwa uzi wa bluu. Mume wangu ameniambia mara nyingi kwamba baba yake alifariki akiwa peke yake nyumbani, mama akiwa kanisani.

Kesho yake, mume wangu akiwa kazini, nilimkuta mama jikoni anasonga obusuma, ugali wetu. Kwetu mkamwana haulizi mama mkwe maneno kama hayo, lakini nilimwuliza.

"Mama, ile hadithi ya maharagwe ni ya kutunga?"

Hakushtuka. Alisonga mpaka ukaiva, akapakua, akaniwekea sahani mbele yangu. "Kula kwanza."

Mkono wangu ulikataa kwenda kwa sahani. Akaona. "Unafikiri nimekuwekea kitu?" Akacheka kidogo. "Alinivunja huu mkono mara mbili, Mama Neema. Siku hiyo niliposikia ananiita, nilijiambia nitaenda. Na nilikuwa naenda. Nilichelewa tu."

"Ulichelewa kiasi gani, Mama?"

"Sufuria nzima."

Nilimsihi asiiweke hadithi hiyo. Alisema amekaa nayo miaka kumi na minne, na watu wakiicheka atapumua kidogo.

Jumamosi iliyopita akaiweka. Mume wangu aliisoma kwa sauti baada ya chakula cha mchana, mama akiwa ameketi hapo hapo karibu naye. Alicheka vizuri mpaka alipofika kwa uzi wa bluu. Akasoma huo mstari mara mbili, polepole. Mama akamwambia, "Malizia, usiachie njiani." Akamalizia kwa sauti ya chini, akatoka nje bila viatu.

Mume wangu hajamshuku mama yake hata kidogo. Anasema aliyeandika, kwa kuwa anajua hata miwani ilipoangukia, alisimama pale akitazama baba yake akifa, na kwamba hayo mambo ya mke ni ya kuficha tu. Anamshuku baba yake mdogo, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuuona mwili na wamekuwa na mzozo wa shamba tangu hapo. Ameshapigia binamu zake wawili simu. Jumapili hii wanaenda Kabras kumtoa huyo mzee nyumbani kwake aseme ukweli, na namjua mume wangu akiwa na hasira. Mzee mwenyewe ana miaka zaidi ya sabini.

Nilimwambia mama hayo yote. Akasema, "Mimi sina mdomo wa kumwambia mtoto wangu. Wewe ukiweza, mwambie."

Kinachoniumiza zaidi ni hiki, na sijamwambia mtu. Nilipoisoma ile hadithi mara ya pili, nikijua kila kitu, bado nilicheka. Simchukii mama. Namwogopa, lakini nikikumbuka huo mkono namwonea huruma pia. Leo ni Alhamisi na mume wangu ameanza kuniuliza kwa nini siku hizi sisomi tena. Nyinyi ambao mmewahi kubeba siri ya nyumba ya watu, niambieni: naanzaje kumwambia, na nikishamwambia, tutaishije humu ndani sisi watatu?