Ndoo ya Michembe

Mama yangu alikuwa hodari wa michembe. Asiyeijua nimwambie tu: ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikakakamaa. Mama alianika juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Kolandoto, na hakuruhusu kuku wala mjukuu kukanyaga pale. Ukiichemsha ukaichanganya na karanga za kutwanga, unasubiri mavuno bila wasiwasi.

Mimi naishi Geita, natengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kazi yenyewe ni vumbi na kelele, na mwenye mashine anayetaka ipone kabla hujaifungua. Narudi chumbani sina hamu ya kusalimiana na mtu. Tangu mama afariki hali imezidi. Wapangaji wenzangu wametoka kila pembe ya nchi, wananiita fundi, wananiheshimu, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mama yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ninapomkumbuka, namkumbuka peke yangu.

Baada ya matanga, mama mdogo, ndugu yake mama wa tumbo moja, alinisindikiza mpaka stendi ya Shinyanga akanipa ndoo nyeupe yenye mfuniko. Niliifahamu ile ndoo. Mpini wake ulikuwa kipande cha khanga alichofunga mama baada ya ule wa waya kukatika. Ndani ilijaa michembe. Basi lilikuwa linaondoka, tukaagana harakaharaka, nikaipakata ndoo mpaka Geita na kumnunia kondakta aliyetaka kuitupia kwenye buti.

Sikuila. Wengine hubaki na picha, mimi nilibaki na chakula, na chakula kina tabia mbaya: ukikitumia kinaisha. Nilijiambia kwamba siku kipande cha mwisho kitakaposhuka kooni, mama atakuwa amekwisha kabisa. Basi ndoo ikakaa chini ya kitanda. Kila Jumapili nafungua mfuniko, nanusa, nafunga. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima kutoka kusini, alikuta mlango wazi akauliza, "Fundi, hivyo vijiti ni dawa ya nini?" Nikamjibu ni vya mama yangu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Alikuwa amekuja na bakuli la kisamvu, akaondoka nalo.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, nilifungua ndoo nikakuta unga. Wadudu walikuwa wameingia. Vipande vya juu vimetobolewa vyote, ukivishika vinavunjika. Nilihisi nafiwa mara ya pili. Nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo, unaumwa?"

"Michembe ya mama imeingia wadudu."

"Michembe ipi?"

"Ile uliyonipa stendi."

Akacheka, kile kicheko cha kumhurumia mtoto. "Baba we, mpaka leo hujala? Halafu ile siyo ya mama yako. Ile ni ya kwangu. Ndoo ndiyo yake. Mama yako mwaka ule hakushika kisu kabisa, mkono ulikuwa haunyanyuki tangu masika."

"Mimi aliniambia hajambo."

"Sasa angekuambia nini, na wewe uko mbali?"

Nikauliza ya mama ilikwenda wapi. Akanieleza bila haraka. Kulikuwa na kidogo iliyobaki ghalani, ya mwaka uliotangulia, aliyoikata mama mwenyewe. Waliipika yote msibani, asubuhi ya kuzika, wakawapelekea wanaume nje pamoja na chai. "Na wewe ulikula. Nilikuletea mwenyewe. Tulifurahi jamani, maana tangu ufike ulikuwa hujatia kitu mdomoni."

Nalikumbuka lile sinia. Simu ilikuwa sikioni, nafuatilia saruji ya kaburi. Gari lililoibeba lilikuwa limekwama njiani, nikawa namfokea dereva huku mkono mwingine unachota na kupeleka mdomoni. Matusi niliyomtukana yule dereva nayakumbuka yote. Ladha siikumbuki. Nimekaa nikaitafuta, nimefumba macho nikaitafuta, haipo.

Jioni ile nilipepeta michembe ya mama mdogo, nikaiosha, nikaichemsha, nikatia karanga. Simu niliizima. Nilikula taratibu, nikitafuna kila kipande mpaka kiishe ndipo nichukue kingine. Ilikuwa mitamu, sina la kuficha. Nilitamani kuwe na mtu mbele yangu nimwambie kwamba hii siyo ya mama, ya mama ilikuwa vingine. Lakini katika nyumba ile nzima hakuna ambaye angeonja akajua tofauti. Hata mimi sikuijua.