Wavu wa Gata ya Mama Leonard

Gaudensia, mama Leonard, alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, na kijiji kizima cha Mnero kinamjua kwa utani wake. Siku binti yake alipoolewa, aliwaambia wakwe kwa uso mkavu kwamba mila ya Kimwera inamtaka baba wa bwana harusi aingie ukumbini kinyumenyume. Mzee wa watu akaingia kinyumenyume, akagonga meza ya keki.

Mumewe, Eustakio, ni katekista, mtu wa mambo yaliyonyooka. Nyumba yao ya bati imesimama chini ya mwarobaini mkubwa, na kila masika majani yalikuwa yakiziba gata, ule mfereji wa pembeni mwa paa unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Eustakio alikuwa akipanda ngazi kuzibua, akinung'unika.

Siku moja alirudi kutoka parokiani akiwa na furaha.

"Nimeona dawa, mama Leonard! Gata za mapadre zimefunikwa wavu laini kama wa dirishani. Hata jani haliingii."

"Paa la mapadre ni la vigae," Gaudensia akasema. "Kwenye vigae maji hutambaa. Letu ni bati, tena limesimama wima. Maji yanakuja mbio."

"Maji ni maji."

Gaudensia angeweza kubishana. Badala yake alimshikia ngazi mpaka kazi ikaisha, akamsifu. Mawingu yalipotanda, akampelekea mumewe kiti kibarazani, akakiweka kwa uangalifu chini ya ukingo wa gata.

"Kaa hapa baba, uone kazi ya mikono yako."

Mvua ikashuka. Maji yaliteremka na bati kwa kasi, yakateleza juu ya wavu, yakaruka gata na kumwagikia yote kichwani pa katekista. Kwenye tangi halikuingia tone. Gaudensia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nilikuwa na joto," alisema Eustakio, akijifuta macho.

Basi ikawa zamu ya mke. Kwa jirani yao Shilinde, baba Shida, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, aliomba kipande cha waya wa banda la kuku. Matundu makubwa, maji yapite. Kweli yalipita, tangi likajaa, na Gaudensia akatamba kijiji kizima. Kumbe vijani vya mwarobaini ni vyembamba; vilipita navyo.

Wa kwanza kugundua alikuwa Prisca, wifi yake, aliyekuja kutoka Ruangwa kuwasalimia. Alikunywa funda moja la chai, uso ukajikunja.

"Wifi, umenitilia nini?"

"Safari hii sijatia kitu! Naapa!"

Nani angemwamini? Prisca alimsukumia kikombe anywe mwenyewe. Gaudensia akanywa, akakohoa. Eustakio alionja chake polepole, akakirudisha mezani.

"Angalau malaria haitatusogelea," alisema, na siku hiyo yeye ndiye aliyecheka mpaka machozi.

Walipotulia, waliketi wakafikiri pamoja. Laini mno, maji yanaruka. Wazi mno, majani yanaingia. Eustakio ndiye aliyekumbuka wavu wa mafundi wa kuchekechea mchanga wa plasta, matundu yake ya kati. Gaudensia akataka ukingo wa juu uchomekwe chini ya bati, wavu ufuate mteremko wa paa, na ukingo wa nje ukunjwe juu kidogo ili maji yenye haraka yagonge pale na kudondoka ndani ya gata. Waliosha tangi, wakasubiri mvua. Majani yakabaki juu, yakakauka, upepo ukayapeperusha. Maji yakawa matamu.

Shilinde naye aliezua nyasi, akaezeka bati na kuweka gata; masika moja ilipopita, aliwaita wote wawili. Gaudensia alipanda ngazi, akalitazama paa.

"Hili limelala, baba Shida. Maji yatakuja taratibu. Wewe wavu laini utakufaa."

"Asante, mama. Na hayo majani yaliyorundikana kwenye gata?"

Gaudensia alitazama chini. Eustakio alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, kipara kikimeremeta juani, hana pa kukimbilia.

"Ngoja niyatoe," akasema, akachota konzi nzima, yenye tope na mende wawili.