Mkono wa Mwalimu na Kamera Mbili

Mume wangu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na majirani zetu wa mtaa wa Raskazone hawakuacha kumwita Mwalimu. Nami nilimwita hivyohivyo. Ndege alianza kuwapiga picha baada ya kustaafu, kwa kamera yangu ya kazi.

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Kamera yangu ni ya fremu nzima, yaani sensa yake ina ukubwa wa kipande cha filamu ya zamani. Inakusanya mwanga vizuri, na ndiyo inayoniokoa kwenye kumbi zenye taa hafifu, picha zisijae chenga, vile vidoto vya punjepunje. Lakini ukimlenga ndege kwa mbali, anabaki kama inzi katikati ya picha, labda ufunge lenzi ndefu. Na lenzi ndefu ya kamera ile, ukiitundika shingoni asubuhi, mpaka adhuhuri shingo inakudai.

Mwalimu aliibeba bila kunung'unika. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisema ni kahawa, akaacha kahawa. Mkono haukuacha. Daktari alituambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba utakwenda polepole, lakini hautarudi nyuma. Tulitoka hospitali tukapitia sokoni kununua samaki, kwa sababu ilikuwa njia ya nyumbani na nyumbani hakukuwa na kitoweo.

Tangu hapo kuendesha gari kukawa kazi yangu. Jumamosi nilikuwa harusini, nikirudi miguu imevimba. Jumapili kabla ya jua, Mwalimu ananigusa bega.

"Mama, maji yanakupwa."

Basi naamka. Tunakwenda Kigombe, ambako bahari ikikupwa inaacha uwanja mpana wa tope, na ndege wanashuka kula. Mimi nabeba begi, mimi nabeba stendi ya miguu mitatu, na stendi ikisimikwa inazama topeni. Ndege akiruka, stendi haina msaada, lazima kamera ishikwe kwa mikono. Na mikono ndiyo hiyo. Tulirudi nyumbani na picha nyingi za ndege wenye mabawa kama moshi.

"Tununue kamera ya kropu," nilimwambia siku moja tukinywa chai. "Sensa ndogo, lenzi fupi, na ndege anaonekana karibu zaidi."

"Haonekani karibu," alisema. Alichukua kipande cha mkate akakikata kingo zote nne. "Umeona? Kilichobaki hakijakua. Umekata tu pembeni. Na ukipunguza sensa unapunguza mwanga. Ndege wazuri wanakuja alfajiri."

"Mwalimu, sitaki somo. Mgongo unaniuma."

Alikila kile kipande cha mkate. Lakini wiki ile hakuniamsha Jumapili, na iliyofuata pia hakuniamsha. Nikamwona anakaa barazani mikono ameibana katikati ya magoti. Mwisho yeye mwenyewe akasema twende Mombasa, kuna duka analolijua.

Tulivuka mpaka wa Horohoro asubuhi. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mpole, na baada ya salamu hakuuliza maswali mengi. Aliweka kamera mbili juu ya meza, ya fremu nzima na ya kropu, kila moja na lenzi yake, akatutoa nje mpaka kibarazani. Juu ya nyaya za umeme walikuwa wamejipanga kunguru.

"Haya, Mwalimu. Wapige hawa, hawana haraka."

Mwalimu alianza na ile kubwa. Aliinua, na lenzi ikaanza kucheza. Akaegemea nguzo, ikacheza. Wapita njia wawili walisimama kutazama, nikatamani waondoke. Mwenye duka aliipokea taratibu.

"Lenzi hii yanishinda hata mimi," alisema, akampa ile ndogo.

Ile ndogo nayo ilitikisika, ila kidogo. Tulipoziangalia picha kwenye kioo, kunguru wa kamera ndogo alikuwa amejaa fremu, jicho lake linang'aa. Mwalimu alimtazama kwa muda.

"Na alfajiri?" aliuliza.

"Alfajiri itakutolea chenga. Sikufichi. Jua likishatoka, hutaona tofauti kubwa."

"Nifungie hii ndogo."

Tukageuza gari kurudi nyumbani. Horohoro foleni ilikuwa ndefu, joto limebana, na mimi nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye usukani aliposema, "Sikuchagua mimi, mama. Mkono ndio uliochagua."

"Nipe kitambulisho chako," nikasema. Akanipa.

Jumapili ya kwanza Kigombe tuliwakuta ndege anaowapenda kuliko wote, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao hula kaa. Picha za kwanza zilikuwa chenga tupu, kama zimemwagiwa mchanga, na akatukana kwa Kishambaa, jambo ambalo halifanyi mbele ya watu. Jua lilipopanda alijaribu tena, na mkono ukamgomea. Nikaweka begi chini, nikapiga magoti topeni mbele yake.

"Weka lenzi begani kwangu."

"Utachafuka."

"Nimeshachafuka."

Akaiweka. Nilisikia uzito wake mdogo, na mtetemo ukipita kwenye nguo mpaka kwenye mfupa. Mpaka siku ile nilikuwa nimeuona tu ugonjwa wake.

"Usipumue," alinong'ona.

"Nikifa?"

"Kufa taratibu, ndege asishtuke."

Nikacheka, akanigombeza, kisha kamera ikalia karibu na sikio langu, mfululizo. Aliponionyesha, ndege alikuwa amemwinua kaa, mguu mmoja wa kaa unaning'inia, na kila unyoya unaonekana. Mwalimu hakujisifu. Alinishika mkono kunisaidia kuinuka, tukakaribia kuanguka wote wawili.

Tulikwenda hivyo msimu mzima. Magoti yangu yaliuma Jumatatu, na Jumanne yakaanza kupona, na harusi haziishi. Watu wakiona picha zake wanauliza ni kamera gani, naye anawaambia ya kropu, anawaeleza kingo na mwanga, kwa kirefu. Bega langu halitaji, nami sijawahi kumdai alitaje.

Sasa ugonjwa umesogea. Kuna asubuhi hata kamera ndogo ni nzito, na kuna asubuhi anashindwa kufunga vifungo vya shati, akakaa kitandani akaniambia maji ya leo si mazuri. Namjua, ratiba ya maji anaijua kuliko wavuvi. Namwambia sawa, tulale. Tunalala mpaka jua linaingia dirishani na jirani anafagia uwanja. Naamka nimechoka vilevile, naweka chai jikoni, narudi kumfunga vifungo.